Karibu Kiti

Mtu wa Unguja akitaka kujua nyumba yako iko mtaa gani, hakuulizi unaishi wapi. Anakuuliza unakaa wapi. Ni neno lile lile tunalompa mgeni akishapiga hodi na kuitikiwa: karibu, kaa kitako. Nimelitumia maisha yangu yote bila kulipima, mpaka jioni moja nilipokuwa nimefungua kitabu penye picha ya Ahmad bin Naaman, na mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kaniegemea begani, akauliza: "Mjomba, huyu anakaa wapi?"

Nikamjibu papo hapo kwamba anakaa Salem, mji wa Massachusetts, Marekani, kwenye jumba la makumbusho liitwalo Peabody Essex. Mtoto akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi ndiye niliyebaki na jibu langu. Ahmad alikwisha kufa katika karne ya 19, na huko Marekani alipita tu, mgeni wa miezi mitatu na siku kadhaa. Lakini sikumdanganya mtoto. Ahmad anakaa Salem kwa sababu mwaka 1840, mjini New York, alikaa. Aliketi mbele ya kijana mchoraji aitwaye Edward Mooney, akatulia, akaacha atazamwe, na tangu siku hiyo hajainuka.

Safari iliyomfikisha kwenye kiti hicho ilianzia huku kwetu. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alikuwa amefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na tangu 1837 palikuwa na balozi mdogo wa Marekani hapa Unguja, Richard Waters, naye mtu wa Salem hiyo hiyo. Merikebu za wafanyabiashara wa Salem zilizoea kutia nanga bandarini kwetu, zikileta ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa ambayo wazee wetu waliiita merikani, na zikiondoka na mali za bara na visiwa. Sayyid akaona naye apeleke chombo chake. Akaitoa Sultana, merikebu iliyoundwa Bombay, akamkabidhi katibu wake Ahmad dhamana ya bidhaa pamoja na dhamana ya heshima. Tarehe 30 Aprili 1840 ikafika New York, na watu wakamiminika gatini kuitazama, maana chombo cha Waarabu hawakuwa wamezoea kukiona pale.

Shehena yake inajulikana. Pembe za ndovu 108. Magunia ya karafuu 135. Makasha ya sandarusi 81. Ngozi kavu 1,000. Tende, mazulia ya Uajemi na kahawa ya Mocha kutoka upande wa Arabuni. Orodha hii nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyoitazama picha yenyewe, na sasa siwezi tena kuvitenganisha viwili hivi. Nikiutazama uso wa Ahmad naisikia orodha.

Pembe 108 ni ndovu wasiopungua 54. Pembe hizo zilishuka pwani begani mwa watu, hatua kwa hatua, kambi kwa kambi, kwa kuwa misafara ya bara ilitegemea mabega ya wapagazi. Karafuu zilichumwa mashambani, zikaanikwa majamvini mpaka zikawa nyeusi, na wengi wa waliozichuma walikuwa watumwa wasiokuwa na sehemu katika bei yake. Sandarusi nayo ina habari ndefu. Ni utomvu wa miti iliyokwisha kufa zamani sana, utomvu uliogandia ardhini mpaka ukawa kama jiwe, na watu wa Mrima, ile pwani ya bara, walikuwa wakiuchimba kwa jembe, kipande hapa, kipande pale. Ulifika Salem na udongo wake, ukaoshwa, ukayeyushwa, ukatiwa mafuta, ukawa vanishi. Vanishi hiyo ilipakwa magari ya farasi na samani za matajiri, na wachoraji wa karne ile waliijua vizuri, wengine wakiichanganya na rangi zao ili zing'ae na zidumu. Ndiyo maana nikiona mng'ao ule wa dhahabu juu ya picha ya kale ya Kimarekani, mawazo yangu hayaendi kwa mchoraji. Yanakwenda kwa mtu aliyeinama juani nyuma ya Bagamoyo, jembe mkononi, akinusa udongo.

New York ilimkirimu Ahmad, na hilo ni lazima lisemwe. Baraza la jiji lilimpokea na kumtembeza. Sultana ilikuwa imechakaa kwa safari, ikaingizwa kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn, ikatengenezwa ikawa kama mpya. Mjumbe naye hakuja mikono mitupu. Alimletea Rais Martin Van Buren farasi wawili, lulu, mashali ya Kashmir, zulia, mafuta ya waridi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Hapo pakatokea jambo ambalo lazima lilimshangaza Ahmad: katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya bunge. Kwetu sisi, zawadi ya mgeni ikikataliwa, mgeni mwenyewe amekataliwa. Wamarekani walihangaika kutafuta njia isiyovunja sheria yao na isiyomvunjia Sayyid heshima, na mwisho bunge likaamua zipokewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakauzwa.

Siku hizo hizo baraza la jiji likamwagiza Mooney amchore mgeni. Nikipiga hesabu ya yote yaliyobadilishana mikono mwaka ule, farasi, lulu, mashali, pembe, naona kwamba kilichobaki kikitazamwa ni kile ambacho hakuna aliyekipakia Unguja. Ni uso wa mjumbe mwenyewe. Kilemba, joho, ndevu, na utulivu wa mtu anayejua kwamba si yeye peke yake anayetazamwa, bali na bwana wake, na nchi iliyomtuma.

Najiuliza mara nyingi kilimgharimu nini kukubali. Nyumba za kale za waungwana wa pwani hazikutundikwa nyuso. Ukutani palikuwa na zidaka, na ndani ya zidaka sahani na mabakuli kutoka ng'ambo. Penye heshima palikuwa na aya. Kuchora sura ya mtu lilikuwa jambo ambalo wacha Mungu wengi waliliepuka, na mpaka leo wapo wazee wanaogeuza uso wakiona simu imeinuliwa. Mtu tulimhifadhi kwa ulimi: fulani bin fulani bin fulani, mpaka pumzi ya msemaji iishe. Jina la Ahmad lenyewe ni hazina ya aina hiyo. Alhaji Ahmad bin Naaman bin Muhsin al-Kaabi al-Bahrani: hija yake, baba, babu, kabila na asili, vyote vimefungwa katika kauli moja, na mwenye kauli hiyo hana haja ya picha ili ajulikane ni nani.

Nadhani alikubali kama mgeni anavyokubali chakula asichokizoea. Mwenyeji akikutengea kiti chake kizuri, hujibu kwamba unapenda kusimama. Pale Lamu na Pate kulikuwa na kiti cha enzi, kiti kirefu cha mgongo wa kamba zilizosukwa na nakshi za pembe, na kiti hicho hakikukaliwa na kila mtu aliyeingia ndani. Kilitengewa mgeni anayestahili. Ahmad alikijua kiti cha namna hiyo tangu zamani. New York ilipomwambia kaa hapa tukutazame, alisikia, naamini, neno analolifahamu: karibu kiti. Akakaa.

Sisi basi tulihifadhi majina tukaziacha sura. Wenzetu wa Ulaya walihifadhi sura, na kwa baadhi ya watu wakayaacha majina yapotee. Mwaka 1800 mjini Paris, mchoraji Marie-Guillemine Benoist alimwonyesha hadharani mwanamke mweusi aliyeketi kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha buluu, kilemba cheupe kichwani, bega na titi wazi. Alikuwa ametoka kisiwa cha Guadeloupe akiwa mtumishi wa jamaa ya mchoraji. Picha ikaandikwa kwa rangi ya ngozi yake tu, kwa neno la dharau lililokuwa la kawaida siku hizo, na ikaningʼinia Louvre hivyo hivyo vizazi na vizazi. Mwaka 2019 tu, kwenye maonyesho ya Musée d'Orsay, ndipo ilipotundikwa kwa jina lake: Madeleine. Kiti alipewa siku ile ile. Jina lake lilisubiri zaidi ya miaka 200.

Kuna mwingine ambaye hakungoja apewe. Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, na alikuwa mtumwa wa Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme. Kazi yake ilikuwa kusaga rangi na kutayarisha vitambaa vya kuchorea. Miaka na miaka alikuwa mtu wa kusimama: anasimama pembeni huku wafalme, wana wa wafalme na makadinali wakikaa, anaona jinsi bwana wake anavyoushika uso wa mtu kwa mipigo michache ya brashi. Mwaka 1650 walikuwa Roma pamoja. Velázquez akamchora.

Picha hiyo leo iko kwenye jumba la Metropolitan, New York, mji ule ule alioketi Ahmad. Itazame ile kola. Ukiwa mbali ni lesi nyeupe iliyofumwa vizuri, yenye tundu na ncha zake. Ukisogea, lesi inayeyuka. Inabaki mipigo ya rangi nyeupe na ya kijivu iliyopita haraka, kama mtu aliyepaka chokaa akaondoka. Uso nao haukufanywa haraka. Juan amegeuka kidogo, mkono mmoja umepita mbele ya kifua umelishika joho, na macho yake yamekukazia. Si macho ya mtu anayesubiri kutumwa. Antonio Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Hispania mwanzoni mwa karne ya 18, anasimulia kwamba Velázquez alimtuma Juan mwenyewe aipeleke picha kwa marafiki waione, nao wakawa wanamtazama yeye, wanaitazama picha, wasijue wazungumze na yupi. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama sifa ya mchoraji. Mimi namwona Juan, ameushika uso wake mwenyewe kwa mikono miwili, amesimama mlangoni kwa watu, ameagizwa na bwana.

Machi mwaka ule picha ilionyeshwa Pantheon, na wachoraji wa Roma wakaisifu. Novemba, tarehe 23, Velázquez akatia saini hati ya kumwacha huru, hati iliyokuja kugunduliwa katika nyaraka za Roma katika karne ya 20. Ilikuwa na sharti: atumike miaka minne zaidi, asitoroke, asifanye kosa la jinai. Kwa hiyo siku alipochorwa, yule mwenye macho yale alikuwa bado mali ya mtu. Sharti lilipokwisha akawa mchoraji kamili Madrid. Mwaka 1661 akachora picha kubwa ya Yesu akimwita Mathayo, iliyoko Prado, na pembeni kabisa upande wa kushoto akajichora mwenyewe, amesimama, anatutazama, mkononi ana karatasi yenye jina lake. Hakumwachia mtu mwingine amwandike. Sura na jina, vyote viwili, kwa mkono wake.

Mwaka 1970 picha ya Velázquez iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni mbili, bei ambayo hakuna picha iliyokuwa imewahi kuifikia katika mnada. Habari hiyo huniuma mpaka leo. Mtu aliyetoka katika kuuzwa akauzwa tena, ijapokuwa safari hii ilikuwa rangi na kitambaa, na watu wakapiga makofi.

Lakini katika zote nizijuazo, picha inayonikosesha raha zaidi ni ya watoto wa Frey, wa New Orleans, iliyochorwa yapata 1837 na inayodhaniwa kuwa kazi ya Jacques Amans. Watoto watatu wa kizungu, wasichana wawili na mvulana, wamekusanyika mbele, nguo safi, nyuma yao mandhari ya Louisiana. Kwa muda wa karne nzima karibu, hao ndio waliokuwa kwenye picha. Jamaa wa ukoo waliitoa kwa jumba la sanaa la New Orleans mwaka 1972, ikawekwa stoo zaidi ya miaka 30, haikutundikwa. Mwenye jicho kali aliweza kuona kitu juu ya vichwa vya watoto: kivuli cha bega, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Mwaka 2005 jumba likaiuza. Aliyeinunua akaipeleka kwa mtaalamu wa kusafisha picha, na rangi ya juu ilipotolewa, kivuli kikawa kijana mweusi, ameegemea mti, mikono kaikunja kifuani, uso umeelekea kando, amewazidi wote kimo.

Aliitwa Bélizaire. Mkusanyaji mmoja wa Louisiana aliyeinunua picha mwaka 2021 alimtafuta mwanahistoria, naye akazipekua hati za mauzo za mji mpaka akampata. Alizaliwa 1822. Akiwa na miaka sita alinunuliwa na Frederick Frey pamoja na mama yake, Sallie. Alipochorwa alikuwa na miaka 15 hivi, na kazi yake ilikuwa nyumbani mwa watoto wale. Wasichana walikufa muda mfupi baada ya picha, na kaka yao akawafuata miaka michache baadaye. Katika wanne waliochorwa, aliyefikia utu uzima ni yeye mtumwa. Baba wa nyumba alipokufa na mali kupungua, mjane akamuuza, mwaka 1856, kwa shamba la miwa liitwalo Evergreen. Jina lake linaonekana katika hati kwa mara ya mwisho mwaka 1861, mwaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani.

Rangi iliyomfunika ilipakwa yapata mwaka 1900. Nimewaza sana juu ya mkono uliofanya kazi ile. Kumfuta mtu kwenye picha si sawa na kumsahau. Kusahau huja kwenyewe, kama vumbi. Huyu alihitaji kukoroga buluu ya mbingu ifanane na ile iliyopo, akoroge kijani ya majani, achague brashi. Akaanza mahali fulani, labda kwenye mikono, labda kwenye paji la uso. Ilifika dakika ambapo macho ya kijana yalikuwa bado yapo na mdomo umekwisha kuondoka. Akaendelea. Alipomaliza akangoja rangi ikauke, na jamaa wakaitundika ukutani, wakala chakula chao chini yake. Leo picha iko Metropolitan, nyumba moja na Juan de Pareja. Waliichukua mwaka 2023, na jina la Bélizaire ndilo linaloanza katika anwani yake.

Nikitoka kwa Bélizaire, narudi kwa Ahmad na jicho jingine. Nyuma ya Ahmad hapana kivuli cha bega. Ukikwangua rangi ya Mooney mpaka kwenye nyuzi, hutamkuta mtu. Wapagazi wa pembe 108 hawakufutwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwachora. Wachumaji wa karafuu hawakufutwa. Mabaharia wa Sultana, watu wa kila upande wa Bahari ya Hindi, Waafrika miongoni mwao, waliotweka tanga wakazunguka ncha ya kusini ya Afrika na kuvuka Atlantiki, hawakuagiziwa mchoraji na jiji lolote. Agosti mwaka ule waling'oa nanga, wakarudi na merikebu yao, wakamalizika. Na wao walikuwa watu wa ulimi kama sisi, lakini ulimi nao una ubaguzi wake: unaitunza nasaba ya mwenye shamba, na mtumwa unampa jina moja tu, la siku aliyonunuliwa au la kitu alichofanana nacho.

Kwa hiyo nimeizoesha akili yangu kuisoma ile orodha ya shehena kama picha yao. Kila namba ina migongo ndani yake. Simwondoi Ahmad kitini kwa kufanya hivyo, wala sioni kwamba ana deni kwangu la kujitetea. Alikuwa mjumbe mwaminifu, alikwenda mbali, aliwakilisha vizuri. Nataka tu chumba alichokaa kiwe kikubwa zaidi ya fremu.

Nyumbani kwetu Ng'ambo kuna picha ya kupiga, si ya kuchora, iliyopigwa studio moja ya mjini katika miaka ya 1950. Bibi yangu ameketi kwenye kiti cha studio, buibui limeshuka mabegani, na babu amesimama, koti juu ya kanzu yake. Mapajani mwa bibi kuna mtoto, ambaye ni mama yangu. Na ubavuni mwa mtoto, ukitokea pembeni mwa picha, kuna mkono. Mkono tu, wenye bangili moja nyembamba, umemshika mtoto kiunoni asianguke. Tulipokuwa wadogo mkono ule ulituogopesha. Binamu yangu mmoja alikuwa akisema ni wa jini, nasi tulimsadiki.

Masika iliyopita unyevu uliingia kwenye kioo. Nikaitoa picha ndani ya fremu ili niikaushe, na nilipobandua kadibodi nikaona karatasi ya picha ni pana kuliko fremu. Ilikuwa imekunjwa. Upande uliokunjwa nyuma, kwa zaidi ya miaka 60, amesimama mwanamke. Kanga mbili, kichwa kimefungwa, amejipinda kidogo ili mkono ufike. Yeye haitazami kamera. Anamtazama mtoto, na mdomo wake umefunguka, bila shaka anambembeleza.

Nikampelekea bibi. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, ikabidi aiinue picha mpaka karibu na pua, aigeuze kwenye mwanga wa dirisha. Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Huyu ndiye aliyemlea mama yako, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa mgonjwa mwaka mzima." Nikamuuliza nani aliyeikunja. Akasema fremu ilikuwa ndogo. Hakusema zaidi, nami sikumbana. Lakini hakuirudisha picha mkononi mwangu kwa muda mrefu, akawa anaulaza ule mkunjo kwa kidole gumba, kuulaza na kuulaza, kama anayenyoosha shuka.

Jina alinitajia, na mtaa aliokuwa akikaa. Sitaliandika hapa, maana ana wajukuu wake nao hawajaulizwa. Nimeliandika kwa penseli nyuma ya picha, pamoja na ya wengine watatu, kwa mpangilio wa walivyo, kutoka kushoto.

Fundi wa fremu aliipokea, akaiweka juu ya meza yake ya kukatia, akailaza kwa viganja. Mkunjo ulikuwa umeacha mstari mweupe uliopita juu chini, baina ya mtoto na mwanamke. Akachukua rula, akaitegesha juu ya mstari ule, akaniangalia.

"Nikate hapa?"

"Usikate," nikamwambia. "Tafuta mbao ndefu zaidi."

Akaitoa rula, akaanza kupima upya.